Mabati ni mtaji ao si mtaji? Historia ya deni la nyumba, kutoka OCAF mpaka kwetu Baraka



Mwaka uliopita kamati yetu ya mikopo ilimuita mama mmoja mbele ya meza. Mama huyu anachoma mikate na mandazi, anauza asubuhi kabla watoto hawajaenda masomo. Tulikuwa tumemkopesha dola mia mbili za kuongeza mtaji: unga, mafuta, sukari, kuni. Wafuatiliaji wetu walipofika kwake hawakuona gunia hata moja jipya. Waliona mabati. Mabati mapya kumi na sita juu ya nyumba ya udongo, yanang'aa mpaka barabarani.

Kamati ilikasirika sana. Mmoja wetu akamwambia, «Mama, ulitudanganya.» Akajibu pole pole: «Sikuwadanganya, wababa. Kila kipindi cha mvua nyasi zilikuwa zinavuja, unga unalowa, na siku ya mvua kubwa sichomi kabisa juu tanuri iko ndani ya maji. Sasa hesabuni wenyewe nilikuwa napoteza ngapi.»

Siku ile hatukuhesabu. Tuliandika kwenye fishi yake, kwa wino mwekundu: «kugeuza mkopo». Mama akarudi nyumbani. Halafu akalipa deni lote, wiki mbili kabla ya tarehe.

Tangu hapo chama kimegawanyika. Kuna wanaosema nyumba haizai, mfuko wetu ni mdogo, tukianza kukopesha mabati tutamaliza mtaji wa wachuuzi na wavuvi. Kuna wanaosema mtu anayefanya kazi chini ya turubai iliyotoboka hana biashara, ana mateso tu. Katika mkutano wa mwisho mliomba sisi wa gazeti tutafute mambo haya yalitoka wapi: nani aliwahi kukopesha watu wadogo nyumba, hapa kwetu na kwingine, na mwisho ulikuwaje. Tumefanya tulivyoweza. Mtaona kwamba hatukuandika bila kuwa na upande.

Nyumba za mshahara

Wazee wetu waliofanya kazi Usumbura, jina la Bujumbura la wakati ule, wanajua vizuri neno OCAF. Mpaka leo watu wa Ngagara wanalitumia. Lilitoka kwa Office des Cités Africaines, ofisi ambayo Wabelgiji waliiunda kwa amri ya tarehe 30 Machi 1952, ndani ya ule mpango wao wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959. Miji ilikuwa imejaa baada ya vita ya pili ya dunia. Makampuni yalitaka wafanyakazi wakae karibu na wasihamehame, na Leta iliogopa vibanda vilivyokuwa vinaota bila mpango. OCA ikajenga mitaa mizima: Léopoldville, Elisabethville, Stanleyville, na hapa Kivu ikajenga Bagira, kule Bukavu. Mwenye kupita Bagira leo bado anaona mistari ile ya nyumba zilizofanana.

Nyumba hizo hazikugawiwa bule. Wengi walizipata kwa kulipa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, miaka mingi. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alitembelea Kongo, na mwaka huohuo ukaundwa mfuko ulioitwa Fonds du Roi, wa kusaidia wale ambao mapato yao hayakufika.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mkopo wa nyumba ni kitu kipya kilicholetwa na mashirika. Babu zetu waliujua. Lakini tazameni ulivyojengwa. Ulisimama juu ya mshahara. Karani, mwalimu, fundi wa kampuni, huyo alijulikana anapata ngapi mwisho wa mwezi, na mwajiri aliweza kukata. Mvuvi wa Ubwari mwenye mtumbwi wake, mama wa soko, mshoni wa nguo chini ya mwembe, hao hawakuwa na karatasi ya mshahara. Hawakuhesabiwa. Na mji kama Baraka haukuwa ndani ya hesabu kabisa.

Baada ya uhuru mawazo yalibaki yaleyale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Leta ya Mobutu iliunda kasha la akiba na mkopo wa nyumba, CNECI, Caisse Nationale d'Épargne et de Crédit Immobilier. Ilijenga, ndiyo, lakini hasa Kinshasa, na walioingia kwenye nyumba hizo hawakuwa wauza ndagala. Tunapita haraka hapa, juu historia ya CNECI ni historia ya watu wengine.

Kilichotugusa sisi wote ni franga zenyewe.

Kwa nini watu wanaweka akiba ndani ya matofali

Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, Leta ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifanyi kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kilikuwa na mpaka. Mwenye kukaa karibu na benki mjini aliweza kupanga mstari. Mwenye kukaa Itombwe ao kando ya ziwa, mwenye kuficha akiba yake ndani ya mtungi, alisikia habari wakati tarehe imekwisha pita. Waulizeni wazee. Wengine bado wanakumbuka watoto wakichezea zile noti.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Uporaji wa Septemba 1991, uporaji mwingine mwanzoni mwa 1993, bei zikaanza kukimbia. Oktoba 1993 wakaleta zaire mpya: moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya asilimia 9,000 kwa mwaka mmoja. Mwaka 1998 ikaingia franga ya Kongo, na franga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Fikirini mtu aliyekuwa ameweka akiba ya nyumba kwenye kasha tangu 1975. Alibaki na nini? Hata senti haikubaki.

Ndiyo maana ukipita kwenye avenyi zetu unaona parseli yenye rundo la matofali ya kuchoma limeota majani, na mwenyewe anakaa kwenye nyumba ya miti kando yake. Mgeni anafikiri ni uvivu. Hapana. Rundo lile ni benki yake. Mwaka huu matofali mia tano, mwaka ujao mawe ya msingi, mwaka ule mwingine mbao. Tofali halifutwi siku ya Noeli. Wafadhili wengine wametuuliza kwa nini watu wetu «hawana utamaduni wa kuweka akiba». Tunawajibu kwa heshima: njooni muone matofali.

Lakini akiba hii ina ubaya wake. Kuta zikimaa bila bati zinayeyuka. Tofali bichi likilala nje mvua mbili linarudi kuwa udongo. Mtu anajenga nyumba ileile mara tatu juu kila mara anakosa kile cha mwisho, yaani paa. Hapo ndipo mkopo mdogo, hata wa dola mia mbili, unaokoa kazi ya miaka mitano. Jambo hili wakopeshaji wakubwa hawakuliona kamwe. Walipofikiri mkopo wa nyumba walifikiri nyumba nzima, kutoka msingi mpaka rangi. Hakuna masikini anayejenga vile.

Kambi, na kurudi

Miaka ya ukimbizi tunaijua, hatutairefusha. Wengi wetu tulivuka ziwa mwishoni mwa 1996, wengine 1998. Nyarugusu, Lugufu ya kwanza na ya pili. Kule tulijenga kwa udongo na nyasi na turubai za HCR, na sheria ya Tanzania haikuturuhusu kupita kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Hakuna aliyejenga nyumba ya kudumu, juu hakuna aliyeruhusiwa kudumu. Mtu anaweza kukaa miaka kumi katika nyumba ambayo kila siku anaambiwa si yake. Hilo linaachaka alama ndani ya mtu.

Lakini kambi ilitufundisha kitu kimoja. Huku nyumbani tulikuwa na likelemba. Kule tukajifunza upatu kwa jina la Kitanzania, na tukaufanya na watu ambao hatukuwa na ukoo nao. Mbembe na Mfulero na Mbuyu, mlango kwa mlango, wanachanga sabuni na unga wa mgao, mmoja anapokea wiki hii, mwingine wiki ijayo. Mama wengi wa chama chetu walianza biashara yao hivyo.

Oktoba 2005 HCR ilianza kurudisha watu Kivu ya Kusini. MV Mwongozo ilitoka Kigoma, ikatuleta Baraka na Uvira, safari baada ya safari. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tulishuka na turubai, blanketi, masufuria, madumu ya maji. Wengine walikuta parseli yao ina mtu mwingine na nyumba ya mtu mwingine. Wengine walikuta msingi tu, na mwembe wa baba. Chama hiki kilizaliwa katika miezi ile, tukisaidiana kukata miti na kuzikana. Mfuko wa mikopo ulikuja nyuma.

Na mfuko huo, tangu mwanzo, uliandikwa kwa ajili ya biashara peke yake. Sababu yake si siri. Wafadhili walitupatia karatasi zenye masanduku: sanduku moja limeandikwa AGR, yaani kazi za kuleta mapato, sanduku lingine limeandikwa abri, yaani mahali pa kujihifadhi. Abri ilikuwa ya dharura, inatolewa bule, mara moja, na shirika lingine. AGR ilikuwa yetu. Mtu ambaye nyumba yake ndiyo karakana yake hakuwa na sanduku.

Barua tatu za Bangladesh

Tulipotafuta kama kuna wengine waliokwama hapo, tulikuta habari ya Grameen Bank, na tunaomba mvumilie tuisimulie kwa urefu, juu inafanana na ya mama wetu mpaka inachekesha.

Muhammad Yunus alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha Chittagong. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, alikopesha watu 42 jumla ya dola 27 kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1983 kazi ile ikawa benki kwa sheria. Wakopaji wengi walikuwa akina mama wasio na shamba: wafuma vikapu na mikeka, wakoboa mpunga, wafuga kuku.

Mwaka 1984 Benki Kuu ya Bangladesh ilitangaza kwamba iko tayari kutoa franga za mikopo ya nyumba vijijini. Grameen ikaandika barua: tunataka kukopesha taka 5,000 kwa kila familia. Wataalamu wa Benki Kuu wakakataa. Walisema kwa taka 5,000 hakuna kitu kinachoweza kuitwa nyumba. Grameen ikaandika tena: basi msiuite mkopo wa nyumba, muuite mkopo wa kujihifadhi, watu wetu wanataka tu paa lisilovuja. Wakakataa tena: kujihifadhi ni matumizi, hakuzai, mtu atalipa kwa nini? Grameen ikaandika mara ya tatu: basi muuite mkopo wa kiwanda. Akina mama hawa wanafanyia kazi nyumbani huku wanatunza watoto; miezi ya mvua kubwa kazi inasimama juu nyumba inavuja; kwa hiyo nyumba ndiyo kiwanda chao. Wakakataa mara ya tatu. Mwishowe Yunus akaenda kuonana na gavana wa Benki Kuu mwenyewe, na gavana akakubali wajaribu.

Rudieni sasa maneno ya mama wetu mbele ya kamati. Alisema kitu kilekile, bila kusoma kitabu, na sisi tulikuwa wale wataalamu.

Mkopo ule ulinunua nini? Nguzo nne za zege, mabati ya paa, na sahani ya zege ya choo. Basi. Kuta familia ilijitafutia yenyewe, mianzi, majani, udongo, na ikaongeza baadaye ilivyoweza. Nguzo za zege zilikuwa na akili: mafuriko yakija kuta zinakwenda, lakini nguzo na paa vinabaki, na mtu anaanzia hapo. Mwaka 1989 mpango huo ulipewa tuzo ya Aga Khan ya ujenzi. Yunus alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 2006 alisema mikopo hiyo ilikuwa imejenga nyumba 640,000.

Kwa wale wa upande wa «nyumba haizai», kuna jambo ndani yake linalowapa ninyi haki kidogo. Grameen haikumpa mkopo wa nyumba mtu aliyeingia jana. Ilikuwa lazima awe amekwisha kukopa kwa biashara na kulipa vizuri. Riba ya nyumba ilikuwa chini, asilimia 8, wakati ya biashara ilikuwa asilimia 20, na muda wa kulipa ulikuwa mrefu, malipo madogo kila wiki. Yaani deni la nyumba lililipwa na biashara iliyokuwepo tayari.

Na sharti lingine, ambalo linatuuma sisi wanaume. Kama mkopaji ni mama, ardhi ya nyumba iandikwe jina la mama. Mume aliyekataa kuandika, familia yake haikupata. Kule mume alikuwa anaweza kumfukuza mke kwa maneno tu. Akiisha kuandika kiwanja kwa jina lake, anayetoka ni yeye.

Karatasi ya parseli

Je, sharti hilo linaweza kufanya kazi hapa kwetu? Lazima tuseme ukweli kuhusu sheria.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta. Mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inakuwa kamili anapopata certificat d'enregistrement. Karatasi hiyo ndiyo benki inakubali kama rehani. Lakini kwa ardhi za desturi, zile ambazo shefu anagawa, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya rais itakuja kuzipanga. Amri hiyo haikuja. Zaidi ya miaka hamsini sasa. Kwa hiyo wengi wetu tuna fishi ya parseli, ao karatasi ya kuuziana yenye sahihi ya shefu na mashahidi wawili. Benki inaitazama karatasi hiyo na kuirudisha.

Kuhusu akina mama, sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimlazimisha mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la sheria, pamoja na kukopa. Kifungu hicho, cha 448, kilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Wako wanachama hawajui bado. Tunarudia: ile ruhusa ya mume iliyomlazimu mke peke yake imeondolewa; sasa sheria inawataka mke na mume wakubaliane, wote wawili sawa. Mpaka mwaka jana, karatasi ya chama chetu yenyewe ilikuwa na mstari wa sahihi ya mume. Hakuna aliyetulazimisha kuuacha pale. Tulikuwa tumeunakili tu kutoka karatasi za zamani.

Kama hatuna karatasi ya kuweka rehani, mkopo unasimama juu ya nini? Juu ya kitu kilekile cha upatu: watu wanakujua, na kesho unataka kukopa tena. Mnaojua AVEC mnajua jambo hili. Utaratibu ule ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na akina mama wasiojua kusoma, ukafika mpaka kwetu: sanduku la kufuli tatu, hisa kila wiki, mikopo ya miezi mitatu, na mwisho wa mwaka mnagawana. Unafaa sana. Lakini kwa nyumba una kasoro moja: sanduku linafunguliwa na kugawanywa baada ya miezi kumi na miwili, na mtu wa mabati anahitaji muda mrefu zaidi ya miezi mitatu. Mama wetu alilipa haraka juu alijinyima. Tulimuuliza. Watoto walikula mara moja kwa siku kwa miezi miwili. Hilo pia liandikwe hapa, ili mtu asidhani tunaimba sifa tu.

Maji na madeni

Kuna habari mbili nyingine ambazo upande wa «tukopeshe» haupendi kuzisikia.

Ya kwanza ni ya India, jimbo la Andhra Pradesh. Kampuni za mikopo midogo zilishindana kukopesha, familia moja ikachukua deni kutoka kwa kampuni tatu ao nne, moja likilipa lingine. Wadai wakaanza kukaa mlangoni. Watu walijiua. Oktoba 2010 Leta ya jimbo ikatoa amri ya kuzibana, na malipo yakasimama karibu kabisa. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wanakopa kwa shida ya kweli, na ambao hawakupata tena pa kukopa. Hapa Baraka leo mtu anaweza kuwa katika AVEC mbili, likelemba moja, na chama chetu. Tunamjua kila mmoja, lakini hatujui madeni yake yote.

Ya pili ni yetu wenyewe. Kabla ya mambo ya mabati, kamati ilikuwa imekubali mara moja, kwa huruma, kumkopesha mvuvi mmoja amalizie nyumba yake karibu na ufuko. Ilikuwa nzuri, milango miwili, sementi mpaka kwenye dirisha. Mwaka 2020 ziwa likaanza kupanda, mwaka uliofuata likapanda zaidi, kama mlivyoona wote kuanzia Uvira mpaka Kalemie. Maji yaliingia ndani ya nyumba ile na hayakutoka. Mtu alibaki na deni la nyumba ambayo samaki walikuwa wanapita ndani yake. Tulimsamehe nusu, nusu analipa hata sasa. Ni kosa lake? Kamati nzima ilitembelea kiwanja kile, tukakaa kivulini, tukanywa chai, tukasifu upepo wa ziwa. Hakuna aliyesema neno.

Wabangladeshi walijua mafuriko yao, ndiyo maana wakaanza na nguzo. Sisi tulijua ziwa letu, lakini tulikopesha kama watu wa mlimani.

Pale tulipofika

Kamati imeandika pendekezo, na litasomwa katika mkutano mkuu. Tunaliweka hapa ili kila mtu aje akiwa amelifikiri.

Mkopo wa paa utolewe kwa mwanachama aliyekwisha kulipa mikopo miwili ya biashara bila kusukumwa. Uwe wa kitu kimoja, mabati na mbao zake, ao msingi, ao mlango na madirisha, na si nyumba nzima. Muda uwe mwaka mmoja na nusu, si miezi mitatu. Kiwanja kitazamwe na watu wawili wasio ndugu wa mkopaji, na mmoja wao awe mzee anayejua maji yalifika wapi zamani. Jina kwenye karatasi ya shefu liwe la anayekopa. Kama ni mama, la mama. Mstari wa sahihi ya mume umekwisha kuondolewa, hilo halipigiwi kura. Na sehemu ya mfuko kwa ajili ya paa isipite robo, mpaka tuone.

Robo hiyo ndiyo imeleta kelele zaidi. Wavuvi wanasema ni nyingi, wanahitaji nyavu. Akina mama wa soko wanasema ni kidogo. Sisi wa gazeti tuko na akina mama, na tumeandika mapema kwamba tuna upande.

Kwa ninyi wafadhili tuna ombi moja tu safari hii. Tusaidieni na karatasi. Mmoja wenu ametujibu kwamba franga zake zinaweza kuingia AGR tu, na mabati si AGR. Tumemtumia hesabu ya mama wa mikate, ile ambayo hatukuifanya siku tulipomuita: unga uliokuwa unalowa, siku za mvua ambazo hakuchoma, na mikate anayochoma sasa. Bado tunangojea jibu.

Mama mwenyewe hajaomba mkopo mwingine. Alipoulizwa kwa nini, alisema anangoja aone kwanza kama yale maneno ya wino mwekundu yatafutwa. Yako bado kwenye fishi yake. Siku ya mkutano mkuu katibu ataleta daftari.